Tochi ya Tulinagwe

Ulipanda Kadutu na kizibao chenye mifuko kumi na miwili,
daftari ndani ya nailoni,
Kiswahili chako kimepigwa pasi.
Ukasema, "Nimekuja kujitolea."
Tukatazamana.
Sisi kazi hiyo tunaiita salongo,
na mara nyingi tunaiita Jumamosi tu.

"Mahitaji yenu ni yapi?" uliuliza,
kalamu imeinama kama kuku anayetaka kudona.
Mama Ntakwinja, mweka hazina wetu,
yule anayefunga fedha za likelemba kwenye pindo la kitenge,
akalala nazo, akasali nazo,
alikohoa akajibu:
"Andika: mteremko."
Ukaandika.
"Kingine?"
"Mteremko ukiisha tutakuambia."

Siku ya tatu uliteleza pale kwa Cishugi,
ukashuka kwa makalio hadi mlangoni pa watu.
Wakakupa kiti na sambaza za kukaanga,
maana mgeni hachaguliwi njia ya kuingilia.
Mtoto wao akauliza kama kwenu Tukuyu kuna milima.
Ukasema ipo, na mvua ipo, karibu mwaka mzima,
ila kwenu kilichopanda mlima ni chai,
si watu.

Tulikucheka, nakiri.
Ulisema mchicha, tukasema lengalenga;
ulisema kisamvu, tukasema sombe;
ulisema "ramani shirikishi," hapo tukanyamaza wote
kama kanisani padri akiingia kwenye Kilatini.
Ukahesabu ngazi za mifuko ya mchanga toka bombani hadi kwangu:
mia mbili na tisa.
Mimi nazijua kwa magoti,
bidoni mgongoni, mshipi kwenye paji la uso,
na ile ya karibu na choo cha jirani
najua inauma.

Halafu usiku ule wa Aprili.
Sitauandika wote.
Udongo wa juu ulikuja na migomba yake imesimama wima,
kama watu wanaohama kwa adabu,
ukaketi juu ya nyumba ya Bisimwa.
Tulichimba kwa sufuria, kwa vipande vya bati, kwa sahani za arusi.
Ukaja mbio, ukashika beleshi kinyume.
Ntakwinja akakunyang'anya, akakutia tochi mkononi:
"Simama hapo. Mulika. Usilie, mwanga unatikisika."

Ulimulika.
Saa saba. Saa nane. Saa kumi.
Mkono wa kulia ulipokufa ganzi
ukaushikilia kwa wa kushoto.
Alfajiri tulimtoa Nabintu, hai, udongo hadi kwenye meno.
Baba yake tulimtoa baadaye.
Jua lilipanda na tochi bado inawaka,
ikabidi tukufungue vidole kimoja kimoja.

Siku ya kuondoka uliomba radhi.
Fedha za mifereji hazikuja, ulisema,
na kwenye ripoti uliandika kwamba hukuona ulichofanya.
Sikuisoma. Iko kwa Ntakwinja,
imefunika mtungi.
Buti zako tunazivaa kwa zamu, watu watatu, miguu mitatu tofauti.
Nyasi ulizopanda ukingoni, nusu zililiwa na mbuzi,
nusu zimeshika. Hatujui kama nusu inatosha.

Jana nimepata ujumbe wako.
Kumbe huko Tukuyu
tone la kwanza likigusa bati unaamka,
unavaa viatu, unakaa kitandani ukiusikiliza mlima,
na mama yako anadhani unaumwa.

Mwambie huumwi.
Mwambie huo ni usingizi wa Kadutu,
uliondoka nao bila kujua
kwenye mfuko mmojawapo.

Tochi ilibaki.
Betri tunachangia.